Jibu la mtaalamu: Tutawashirikishaje wananchi kwa dhati katika kupanga mustakabali wa kijiji chetu?

Swali la msomaji

Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji katika wilaya ya Kilindi, mkoani Tanga. Kijiji chetu kina vitongoji sita: vinne vya wakulima na viwili vya wafugaji. Takriban miaka kumi iliyopita wataalamu walikuja, wakakaa siku nne, ramani ikachorwa, mkutano mkuu ukapitisha mpango wa matumizi ya ardhi, tukapiga makofi. Leo sehemu kubwa ya eneo la malisho imelimwa, msitu umekatwa, na bango la mpango lilikwisha kung'olewa. Sasa tunatakiwa kuupitia upya mpango huo na kuandaa pia mpango wa maendeleo wa kijiji, lakini watu hawaji mkutanoni. Wanatuambia, "Nyie andikeni tu kama kawaida yenu." Tufanye nini ili washiriki kwa dhati? Na je, kisheria tuna mamlaka kiasi gani, au tusubiri wilaya?

Jibu

Ndugu mjumbe,

Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na maneno yaliyonikaa moyoni ni hayo ya wanakijiji wenzako. Mtu anayesema "andikeni tu" amechoka kuitwa ashuhudie jambo lililokwisha kuamuliwa. Amekuja mara mbili au tatu, ameandika jina kwenye karatasi ya mahudhurio, amerudi nyumbani, na hajaona popote kauli yake ilipoingia. Kwa hiyo jibu langu, ingawa litakuwa refu, linasimama juu ya hoja moja: mkutano mkuu ni mahali pa kuamua, na hakuna anayeweza kuamua vizuri jambo analolisikia kwa mara ya kwanza akiwa amesimama juani. Kazi ya kushirikisha hufanyika kabla ya mkutano huo, kwenye vitongoji, mabomani, visimani na mashambani, kisha huendelea baada yake, pale mpango unapoanza kugusa masilahi ya watu.

Nianze na suala la mamlaka, kwa sababu vijiji vingi hunyongeshwa na dhana kwamba mpango ni mali ya wilaya. Ibara ya 8 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na ibara za 145 na 146 zinaweka serikali za mitaa kwa lengo la kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, kuwa chombo chenye kauli ya mwisho juu ya sera za jumla za kijiji. Halmashauri yenu yenye wajumbe kati ya 15 na 25, ambao angalau robo yao ni wanawake, inatekeleza kwa niaba ya mkutano huo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, lakini kifungu chake cha 8 kinaizuia kugawa ardhi bila ridhaa ya mkutano mkuu. Na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Namba 6 ya mwaka 2007 inaitambua halmashauri ya kijiji kuwa mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Wilaya ina nafasi yake: inatoa wataalamu, inahakiki mpango, na baraza la madiwani ndilo linaloidhinisha sheria ndogo za kijiji. Hakuna hata moja kati ya hayo linalowazuia ninyi kuanza wiki ijayo.

Zingatia neno "wakazi" katika Sheria ya Serikali za Mitaa. Mfugaji aliyehamia miaka kumi na mitano iliyopita, mwenye boma na watoto wanaosoma shule ya kijiji, ni mjumbe wa mkutano mkuu sawa na mzee ambaye babu yake alizikwa hapo. Nimewahi kuona orodha za wakazi ambamo vitongoji vya wafugaji viliandikwa kwa majina ya wakuu wa maboma peke yao, wake zao na vijana wao wakaachwa, kisha watu wakashangaa kwa nini maboma hayo hayakuutii mpango. Kabla ya jambo jingine lolote, fungueni rejesta ya wakazi, kitongoji kwa kitongoji, mhakikishe kila mtu mzima yumo.

Sasa nirudi kwenye mpango wenu wa zamani na sababu za kuanguka kwake. Nchi yetu ina historia ndefu ya kupangiwa. Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1968 kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mtu mwingine, bali hujiendeleza wenyewe. Hata hivyo tarehe 6 Novemba 1973 kuishi katika vijiji kulitangazwa kuwa ni amri, na katika miaka iliyofuata mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa malori, wakapelekwa mahali palipochaguliwa kwa kufuata barabara kuliko kufuata maji na rutuba. Wazee wenu waliokuwa vijana wakati huo wapo, na wanakumbuka. Ninaheshimu sana nia ya zama zile, na shule na zahanati nyingi tulizonazo zilitokana nazo. Lakini zilituachia mazoea mabaya ya kuamini kwamba mtaalamu akishachora, kilichobaki ni kuwaelimisha wananchi wakubali. Siku nne walizokaa wataalamu kwenu ni mwendelezo wa mazoea hayo. Mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi una hatua sita, kuanzia maandalizi na tathmini shirikishi, kupitia upimaji wa hali iliyopo na upangaji wenyewe, hadi utoaji wa hati za hakimiliki ya kimila na usimamizi wa kila eneo lililotengwa. Fedha zinapokuwa chache, hatua za mwanzo hukimbizwa na zile za mwisho huachwa kabisa. Kinachobaki ni ramani na bango.

Ushauri wangu wa kwanza utakushangaza kidogo, kwa maana hauhusu mpango. Msiite mkutano wa kupanga kabla hamjaita mkutano wa kusoma mapato na matumizi. Mkutano mkuu unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na ikiwa kwenu haujafanyika hivyo, hapo ndipo imani ilipovuja. Someni kwa sauti kila shilingi iliyoingia kutokana na ushuru, faini na michango, na kila shilingi iliyotoka, pamoja na zile ambazo risiti zake hazionekani, kisha ubao wa matangazo ubaki na nakala. Jibuni maswali yote hadi jua lizame ikibidi. Mtu hawezi kutoa mawazo yake ya miaka kumi ijayo kwa viongozi ambao hawajamweleza zilikokwenda fedha za mwaka jana. Katika miaka yangu ya kazi sijaona kitu kinachorudisha watu mkutanoni kama hiki. Posho haifui dafu mbele yake, na kwa kweli posho huharibu, kwa sababu siku isipokuwepo, watu nao hawapo.

Jambo la pili ni majira. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na ili maombi ya kijiji yaingie kwenye bajeti ya wilaya, yanahitaji kupita kwenye kamati ya maendeleo ya kata na kufika wilayani miezi kadhaa kabla. Matokeo yake ni kwamba barua ya kuwataka muandae mpango huwafikia karibu na Oktoba au Novemba, na ninyi mnaopata mvua za vuli mko shambani mnapanda. Mkutano unaoitwa saa nne asubuhi, siku ya kazi, katika wiki ya kwanza ya mvua, utahudhuriwa na wasio na shamba. Msisubiri barua. Vikao vya vitongoji vifanyeni Agosti na Septemba, mahindi ya masika yakiwa yameshavunwa, alasiri baada ya kazi, na msiviweke siku ya gulio wala siku ya mnada wa mifugo. Kwa upande wa wafugaji, ulizeni kwanza: kiangazi kikali vijana wao huwa wamehama na mifugo kufuata maji, na mkipanga malisho vijana hao wakiwa mbali, mmepanga bila watumiaji wenyewe.

Sasa tuingie kitongojini, ambako ndiko kazi halisi iliko.

Wekeni kikao katika kila kitongoji, na ndani ya kikao watu wagawanyike: wanawake peke yao, vijana peke yao, wazee peke yao. Kila kundi lichore ramani ya kijiji chini kwenye vumbi kwa kutumia vitu vilivyopo. Wasomi wengine huliona zoezi hili kama mchezo wa watoto. Nitakueleza nilichokiona katika kijiji kimoja cha ukanda wa pwani, nami nikiwa miongoni mwa wataalamu tuliokuwa na haraka. Wanaume walichora chini ya mwembe: barabara kwa mchanga mweupe, mto kwa majivu, shule kwa jiwe, na upande wa chini wakazungusha magunzi ya mahindi kuonyesha bonde walilolitaja kuwa pori lisilo na kazi, ambalo rasimu yetu tayari ilikuwa imelitenga kwa ajili ya mwekezaji. Wanawake walichora nyuma ya ofisi ya kijiji. Bonde lile lile kwao lilijaa majani mabichi yaliyopangwa kwa uangalifu, na njia tatu zililiingia kutoka vitongoji vitatu. Nilipouliza, mama mmoja mtu mzima alinijibu kwamba ule ni ukindu, na kwamba sare na madaftari ya watoto wa pale yanatoka kwenye mikeka. Wanaume walipoitwa kuziona ramani zote mbili hakuna aliyebisha, kwa sababu kila mmoja wao alilala juu ya mkeka ule. Rasimu ilibadilishwa siku hiyo hiyo. Laiti tungewakalisha wote pamoja katika mkutano mmoja, wanaume mbele na wanawake nyuma, bonde lile lingepita kwa makofi.

Ndiyo maana kipimo changu cha ushirikishwaji ni kimoja tu, nacho ninakuomba ukitumie: baada ya vikao, chukua rasimu ya kwanza na rasimu ya mwisho, uziweke pamoja, uonyeshe ni wapi maneno ya wananchi yalibadilisha kitu. Kama huwezi kuonyesha mahali hata pamoja, hamkushirikisha, hata mahudhurio yakiwa ya watu mia tano.

Baada ya ramani za vumbini, tembeeni. Mpaka wa eneo la malisho, mpaka wa msitu na mpaka wa kijiji vikaguliwe kwa miguu, na katika kundi hilo wawemo wazee wanaojua majina ya makorongo, wafugaji, wakulima wenye mashamba ya pembezoni, na wawakilishi wa kijiji jirani. Mstari unaoonekana umenyooka kwenye karatasi unaweza kuwa umepita katikati ya shamba la familia tano, na familia hizo ndizo zitakazong'oa bikoni, yaani alama za mpaka, usiku. Mkiwakuta wenye mashamba hayo wakati wa kutembea, mnaweza kuusogeza mstari hadi kwenye korongo linalojulikana na wote, au mkakubaliana juu ya eneo mbadala na kuliandika. Mkiwakuta baada ya mpango kupitishwa, mtakutana nao katika baraza la ardhi. Nina shaka kubwa kwamba malisho yenu yaliyolimwa yalilimwa na watu ambao tangu mwanzo walijua eneo lile lina mashamba yao, na hakuna aliyewauliza.

Kuhusu wakulima na wafugaji, sitaki kupita haraka, kwa sababu katika eneo lenu jambo hili ni la uhai na kifo. Kwa majirani zenu wa Kiteto, Januari 2014, watu waliuawa katika mapigano ya ardhi baina ya makundi haya mawili. Lakini ni Kiteto hiyo hiyo iliyotupa mfano ambao ningependa wajumbe wenu waende kuuona kwa macho. Vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilitambua kwamba mifugo haijui mpaka wa kijiji: maji yako kwa mmoja, majani kwa mwingine, na njia inapita kwa wa tatu. Badala ya kila kijiji kujitengea kipande chake kisichotosha, viliandaa mpango wa pamoja na kutenga eneo la malisho la kushirikiana lenye zaidi ya hekta 20,000, wakalipa jina la OLENGAPA kutokana na majina ya vijiji vyao, wakaunda chama cha wafugaji cha kulisimamia, na eneo hilo likapatiwa hati za hakimiliki ya kimila. Kazi hiyo ilichukua miaka, na sehemu kubwa ya muda ilikwenda kwenye mazungumzo kati ya kijiji na kijiji. Kama malisho yenu yanaendelea hadi kijiji cha pili, basi mpango wa kijiji chenu peke yake hautawatosha, na ni afadhali mlijue hilo sasa.

Katika vikao vya vitongoji vya wafugaji ulizeni mambo mahususi: mifugo inanywa wapi mwezi wa Februari, wapi mwezi wa Septemba, inapita njia gani kwenda kwenye josho na mnadani, na njia hiyo ina upana gani mahali inapobanwa na mashamba. Ukiuliza kwa jumla, "mnahitaji nini?", utajibiwa kwa jumla, "malisho na maji", na mpango utaandika maneno hayo mawili bila kutatua lolote. Ugomvi mwingi wa mashambani huanzia kwenye hatua mia mbili za njia iliyobanwa, na mnaweza kuzipima hatua hizo kwa kamba asubuhi moja.

Juu ya msitu, nina mfano wa miaka mingi kidogo unaogusa hali yenu. Huko Babati, msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wenye takriban hekta 9,000, ulikusudiwa kufanywa hifadhi ya serikali. Mipaka ilipoanza kuwekwa, watu walikimbilia kukata walichoweza kabla hawajanyang'anywa. Mwaka 1994 mwelekeo ulibadilishwa: vijiji vinane vinavyouzunguka vilikabidhiwa kila kimoja sehemu yake, vikajitungia kanuni, vikateua walinzi wao, na ukataji ambao askari wa misitu wachache walishindwa kuuzuia ukapungua sana, msitu ukaanza kurudi. Watu walikuwa wale wale na miti ile ile. Nadhani katika kijiji chenu msitu ulikatwa kwa sababu kama zile za Babati kabla ya 1994: bango lilisema ni hifadhi, na mwanakijiji akasoma kwamba si wake tena. Katika mapitio haya, waulizeni watumiaji wa msitu, yaani wachoma mkaa, warina asali, waganga wa miti shamba na akina mama wanaookota kuni, wanataka waruhusiwe nini na wako tayari kuacha nini. Mchoma mkaa hapendi kujitokeza mkutanoni, kwa sababu anajua atasemwa. Mfuateni aliko, na mzungumze naye bila kumtisha kwa faini, kwa kuwa bila yeye kanuni ya msitu ni karatasi.

Upande wa mpango wa maendeleo, yaani shule, maji, zahanati na barabara, mtatumia utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao umetumika nchini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na baadaye ukaboreshwa ili kuanzia kwenye juhudi ambazo wananchi wako tayari kuzifanya wenyewe. Ugonjwa mkubwa hapa ni orodha ndefu. Kila kitongoji kinataka kila kitu, mtendaji anaandika vyote, wilaya inapokea mahitaji arobaini kutoka kila kijiji, na mwisho inachagua yenyewe. Orodha ndefu huipa wilaya uhuru wa kuchagua na kuwanyima ninyi. Chagueni vipaumbele vitatu, na vichaguliwe kwa kura ya siri. Njia niliyoitumia ni ya makopo: kila hitaji linapewa kopo lenye mchoro wake na mfuniko uliotobolewa, makopo yanawekwa ndani ya darasa, kila mtu anaingia peke yake na punje tatu za mahindi. Wanawake wapewe punje za rangi tofauti na za wanaume, ili wakati wa kuhesabu muone kila upande umesema nini. Zikihesabiwa hadharani, mara nyingi utakuta kopo la kisima limejaa punje za wanawake na kopo la ofisi ya kijiji lina za wanaume watupu, na hapo mjadala wa kweli unaanza.

Nikuonye kuhusu maboma, na hapa sisemi ya wafugaji bali majengo yasiyokamilika. Karibu kila kata ina boma la zahanati au la madarasa lililoinuliwa kwa nguvu za wananchi hadi kwenye lenta, likaachwa, nyasi zikaota ndani. Kwa mwananchi aliyebeba mawe kichwani na kutoa mchango wake, jengo lile ni ushahidi wa kila siku kwamba kujitolea hakuna faida, na hatajitolea tena. Kabla ya kuchimba msingi, pateni kwa maandishi kutoka wilayani majibu ya mambo matatu: je, mradi umeingizwa kwenye mpango wa wilaya, nani atapaua na lini, na watumishi watatoka wapi. Wataalamu wa maji nao waulizwe kabla, kwa kuwa wananchi wanaweza kukubaliana kwa kauli moja kuchimba kisima mahali ambapo chini hakuna maji au maji ni ya chumvi. Kuwashirikisha wananchi hakupunguzi hata kidogo haja ya utaalamu. Mtaalamu aseme kweli ya udongo, ya maji na ya gharama, aiseme mapema, kwa lugha inayoeleweka, halafu awaachie wenyewe uamuzi.

Kuna uamuzi mmoja ambao ningeomba usipitishwe katika mkutano mmoja kamwe, nao ni wa kutoa ardhi kwa mwekezaji. Kwa ardhi isiyozidi hekta 250, mkutano mkuu ndio wenye kuridhia au kukataa kuhawilishwa kwake, yaani kuhamishwa kutoka ardhi ya kijiji. Ikizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na Waziri mwenye dhamana ndiye anayeamua. Wananchi wengi hawaelezwi kwamba ardhi ikishahawilishwa inatoka katika ardhi ya kijiji na kuwa ardhi ya jumla, na hata mradi ukifa, haijirudii yenyewe kijijini. Jambo hili lisomwe kwa sauti katika kila kitongoji, watu wapewe angalau mwezi mmoja wa kulizungumza majumbani, ndipo mkutano mkuu uitwe. Anayewaharakisha kwa madai kwamba fursa itawapita, mwambieni asubiri.

Mpango ukishapitishwa, ndipo halmashauri nyingi hupumzika, na ndipo nawasihi msipumzike. Kanuni mlizokubaliana ziandikwe kuwa sheria ndogo, zijadiliwe mkutanoni, zipelekwe kwenye kata na hatimaye baraza la madiwani liziidhinishe. Bila hatua hiyo, faini mnazotoza zinaweza kupingwa na mkashindwa. Kamati ya usimamizi wa matumizi ya ardhi ya kijiji iwe na watu wa vitongoji vyote sita, na wafugaji wasiwekwe kama wasindikizaji. Kila mkutano wa robo mwaka uwe na ajenda moja isiyoondolewa: nani amevuka mpaka, amechukuliwa hatua gani, na fedha ya faini iko wapi. Na akivuka mjumbe wa halmashauri, au ndugu wa mwenyekiti, jina lake lisomwe sawa na la mwingine, kwa sababu siku atakapofichwa mmoja, mpango umekwisha, na kijiji kizima kitajua hata kama hakuna atakayesema.

Kwa mapitio yenu, anzeni hivi. Itafuteni nakala ya mpango wa zamani. Kama haipo kijijini, mwombeni afisa ardhi wa wilaya. Nendeni nayo katika kitongoji kimoja cha wafugaji, kile ambacho watu wake hawaji kabisa mkutanoni, mkae chini, mtendaji aisome ukurasa kwa ukurasa, na kila baada ya ukurasa muulize maswali mawili tu: hili lilifanyika? Kama halikufanyika, nani alikuwa na sababu ya kutolifanya? Andikeni majibu kama yalivyotolewa, yale makali pia, kisha kabla ya kuondoka wasomeeni mlichoandika, wasahihishe. Wiki inayofuata mwende kitongoji cha pili.